Mtoto Yuko Marekani, Anataka Kuwa Mfamasia

Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya malaria, chanjo na lishe ya watoto. Mwezi huu tunazungumza juu ya watu wanaotayarisha na kutoa dawa, na hasa juu ya vijana wetu waliohamia Marekani siku za karibuni wakiwa na nia ya kuisomea kazi hiyo. Wazazi wengi hutuuliza habari hizi wanapokuja dirishani kuchukua dawa. Swali lao huwa karibu lile lile: "Mwanangu alifaulu masomo ya sayansi hapa nyumbani. Amefika kule, badala ya kupokelewa chuo kikuu ameanza chuo kidogo cha mtaani, na anafundishwa Kiingereza upya. Je, hajapotezewa muda?"

Jibu letu ni hapana, mradi kijana aielewe njia aliyoishika na jamaa wa nyumbani nao waielewe. Tumeona vijana wakikata tamaa katikati ya safari, na mara nyingi akili haikuwa tatizo. Waliokuwa nyumbani hawakujua anachokifanya huko, naye akaona aibu kueleza. Basi tueleze.

NI AKINA NANI TUNAOWAZUNGUMZIA

Wako waliofuata wazazi au wenzi wao, wako waliopata bahati nasibu ya viza miaka iliyopita, na wako wengi waliotoka katika kambi za wakimbizi kama Nyarugusu huko Kigoma na Kakuma huko Kenya. Katika mwaka wa fedha 2016, na tena 2019, Wakongo walikuwa kundi kubwa kuliko yote la wakimbizi waliopokelewa Marekani, na wengi wao ni wasemaji wa Kiswahili. Januari 2025 serikali ya nchi hiyo ilisimamisha mpango wa kupokea wakimbizi. Kwa hiyo hatumshauri mtu yeyote kufunga mizigo. Maneno yetu ni kwa wale ambao tayari wako kule, na kwa jamaa zao walio hapa.

CHUO CHA JAMII NI KITU GANI

Wenyewe huita komyuniti koleji. Ni chuo cha umma kilichowekwa karibu na wananchi, ada yake ni nafuu, na mtu huweza kusoma miaka miwili kisha akahamia chuo kikuu na masomo yake yakahesabiwa. Kile cha kwanza cha umma ambacho kipo hata leo kilifunguliwa mwaka 1901 katika mji wa Joliet, jimbo la Illinois. Leo nchi nzima ina vyuo vya namna hiyo zaidi ya 1,000. Mama wa watoto watatu, askari aliyestaafu na kijana aliyetoka sekondari jana huketi darasa moja.

Ada ya mwaka mzima kwa mkazi wa eneo ni wastani wa dola 4,000 hivi, wakati chuo kikuu cha umma humtoza mkazi wa jimbo wastani wa zaidi ya dola 11,000. Kemia ni ile ile. Kwa mtu aliyefika juzi, asiye na akiba na ambaye masikio yake bado hayajazoea Kiingereza cha kule, hapo ndipo mahali pa busara pa kuanzia. Haraka haraka haina baraka.

Mzazi asikione chuo hicho kuwa ni adhabu au kushushwa daraja. Wapo wafamasia, wauguzi na madaktari wengi nchini humo walioanzia hapo hapo.

NJIA YOTE KWA UFUPI

Zamani mtu aliweza kuwa mfamasia Marekani kwa shahada ya kwanza ya miaka mitano. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 shahada inayotakiwa ni moja tu, yaani Udaktari wa Famasia. Hatua zake ni hizi:

1. Masomo ya awali, angalau miaka miwili. Haya ndiyo yanayoweza kusomwa katika chuo cha jamii: kemia ya jumla, kemia ya kaboni, biolojia, mikrobiolojia, anatomia na fiziolojia, hesabu, takwimu, uandishi wa Kiingereza na kuzungumza mbele ya watu. Kila chuo cha famasia kina orodha yake, na vingine hupendelea mwombaji mwenye shahada ya kwanza tayari.

2. Kuomba nafasi katika chuo cha famasia kilichotambuliwa na baraza la ithibati la taaluma hiyo, liitwalo ACPE. Maombi mengi hupitia mfumo mmoja uitwao PharmCAS. Zamani palikuwa na mtihani maalumu wa kuingilia, PCAT, lakini ulifutwa Januari 2024. Mtu akimwuzia kijana wako vitabu vya mtihani huo leo, anamwibia.

3. Miaka minne ya famasia yenyewe, darasani na kwa mazoezi katika hospitali na maduka ya dawa. Vyuo vichache huibana katika miaka mitatu bila likizo ndefu.

4. Mtihani wa taifa uitwao NAPLEX, pamoja na mtihani wa sheria za dawa unaotakiwa na majimbo mengi, ndipo leseni ya jimbo hutolewa.

Ukijumlisha, ni miaka sita ikiwa hakuna kilichokwama. Kwa mhamiaji mpya, miaka saba au minane si aibu. Sababu yake ni mnyororo wa kemia. Huwezi kusoma kemia ya kaboni kabla ya kumaliza kemia ya jumla sehemu ya kwanza na ya pili, na hiyo kemia ya jumla huwezi kuianza kabla hesabu zako hazijafikia kiwango. Kemia peke yake ni mihula minne iliyofuatana. Kijana aliyeanza na Kiingereza na hesabu za kurudia hutumia muhula mmoja au miwili kabla hajaigusa. Kwa hiyo akikuambia baada ya mwaka mmoja kwamba bado hajaanza kemia ya kaboni, usidhani anakudanganya.

VYETI NA LUGHA

Chuo cha jamii hupokea karibu kila aliyemaliza sekondari. Vyeti vya kidato cha nne na cha sita, au vya Kenya, huenda vikahitaji kupimwa na shirika la kutathmini vyeti vya nje. Vile vya Kifaransa kutoka Congo na Burundi hutakiwa vitafsiriwe kwanza na mtafsiri anayekubalika. Aliyepoteza vyeti vitani asikate tamaa. Anaweza kufanya mtihani wa GED wenye sehemu nne, yaani hesabu, lugha, sayansi na maarifa ya jamii, akahesabiwa kuwa amemaliza sekondari.

Wapo vijana wanaouficha udhaifu wao wa Kiingereza ili waruke masomo ya lugha. Sisi tuliokaa na dawa muda mrefu tunasema wasifanye hivyo. Mwalimu wa historia akikosea neno darasani, wanafunzi watacheka. Mfamasia akisikia vibaya jina la dawa kwenye simu, mgonjwa hupewa dawa nyingine. Ziko dawa nyingi ambazo majina yake yanafanana kama mapacha lakini kazi zake ni mbali kama mashariki na magharibi. Miezi sita ya kujifunza kusikiliza na kuuliza "rudia tafadhali" bila aibu ni sehemu ya elimu ya famasia.

Kipo pia cha kujifunza upya katika vipimo. Kule uzito wa mtu husemwa kwa ratili na joto la mwili kwa Farenhaiti. Mtoto mwenye nyuzi 38 kwa kipimo chetu husemwa ana 100.4. Tarehe nayo huanza na mwezi, hivyo 05/06 ni tarehe 6 Mei. Asiyezoea atasoma vibaya tarehe ya dawa kuisha nguvu.

FEDHA

Hapa ndipo wengi huanguka, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Kwanza, kijana ajue hati aliyonayo. Mwenye ukazi wa kudumu, ile wanayoiita grini kadi, anaweza kuomba msaada wa serikali kuu kwa kujaza fomu iitwayo FAFSA. Mwenye viza ya mwanafunzi hawezi. Tena huyo wa viza ya mwanafunzi haruhusiwi kufanya kazi nje ya chuo katika mwaka wa kwanza, na ndani ya chuo asizidi saa 20 kwa juma wakati wa masomo. Akivunja sharti hilo anaweza kupoteza viza. Wenye hadhi nyingine waulize ofisi ya misaada ya chuo chenyewe, kwa kuwa sheria hizi hubadilika. Fomu ya FAFSA haina malipo. Anayedai ada ya kuijaza ni wa kuepukwa.

Pili, ajue tofauti ya ruzuku na mkopo. Ruzuku ya Pell hairudishwi, na kiwango chake cha juu kwa mwaka wa masomo 2025/2026 ni dola 7,395. Kwa mwanafunzi maskini wa chuo cha jamii, ruzuku hiyo mara nyingi hutosha ada na vitabu, kwa hiyo miaka ya mwanzo anaweza kuimaliza bila deni. Hiyo ni faida kubwa, maana miaka minne ya famasia ni ghali. Vyuo vingi gharama yake kwa jumla hupita dola 100,000, na sheria ya mwaka 2025 imeweka mipaka mipya ya mikopo ya serikali kwa masomo ya namna hiyo kuanzia Julai 2026. Asiye na deni la mwanzo huingia mbio hizo akiwa mwepesi.

Tatu, ruzuku ina masharti. Mwanafunzi hupimwa kama anasonga mbele: wastani wa alama usianguke chini ya kiwango, na amalize karibu theluthi mbili ya masomo aliyojiandikisha. Anayeanza masomo na kuyaacha katikati hupoteza msaada. Tena alama hazifichiki. Siku ya kuomba chuo cha famasia atatakiwa kupeleka matokeo ya kila chuo alichowahi kusoma. Aliyefeli mji mmoja akahamia mwingine atakuta karatasi imemfuata. Ni heri kusoma masomo machache na kuyafaulu.

SAA 168 ZA JUMA

Sasa tuwaombe wazazi na ndugu tuhesabu pamoja. Juma lina saa 168. Mwanafunzi wa muda kamili huwa na krediti 12, maana yake kama saa 12 za darasani. Kwa kila saa ya darasani hutarajiwa kusoma mbili peke yake. Hizo ni saa 36, bila kuhesabu maabara. Akifanya kazi ya kulipa pango, saa 40, tumefika 76. Akilala saa saba kwa usiku, ni 49. Jumla ni 125. Zimebaki 43 za kusafiri kwa basi, kupika, kufua na kuongea na watu.

Sasa nyumbani pametokea shida. Paa limeezuliwa, mdogo wake anadaiwa karo, shangazi amelazwa. Simu zinapigwa. Kijana anachukua kazi ya pili ya usiku, saa 24. Zile saa 43 zimekuwa 19, chini ya saa tatu kwa siku kwa kila kitu kingine. Kitakachokatwa kwanza ni usingizi, kisha kusoma. Muhula ukiisha, kemia imeanguka, na ruzuku nayo imo hatarini. Paa limepata mabati, lakini mfamasia amepotea.

Hatusemi watoto wasisaidie wazazi. Tumelelewa hivyo, na ni vizuri. Tunachosema ni kwamba msaada upangwe. Jamaa wakae, wakubaliane kiasi kidogo kinachojulikana kwa muda unaojulikana, na mtu mmoja tu awe wa kumpigia simu kwa mambo ya fedha. Mpanda mnazi hali tembo la mwaka huo huo.

Kama wauguzi tunaongeza jambo la afya. Kijana asiyelala, anayekula mkate mkavu garini, aliye peke yake katika baridi ambayo jua huzama alasiri, huweza kuingia katika ugonjwa wa huzuni. Dalili zake ni usingizi kupotea au kuzidi, kuacha kula, kuacha kupokea simu, kusema maisha hayana maana. Msimwite mvivu wala msimwambie amerogwa. Vyuo vingi vya jamii vina washauri nasaha wasiotoza kitu, na mitaani kuna vituo vya afya vinavyotoza kulingana na kipato. Akisema anataka kufa, aliye kule apige 988 wakati wowote, namba ya taifa ya msaada huo, na asiachwe peke yake.

KAZI INAYOFUNDISHA

Ikiwa lazima afanye kazi, basi achague ile inayomsogeza. Kule kuna msaidizi wa mfamasia, anayehesabu vidonge, kupanga rafu na kupokea vyeti vya dawa chini ya usimamizi. Kwa kawaida hutakiwa awe amemaliza sekondari na kupata mafunzo mafupi, na majimbo mengi hudai usajili au mtihani wa cheti. Mwaka 2023 mshahara wao wa kati ulikuwa kama dola 40,000 kwa mwaka, wakati ule wa wafamasia ulizidi dola 130,000.

Faida yake si mshahara peke yake. Masikio yatazoea majina ya dawa, atapata mfamasia wa kumwandikia barua ya kumpendekeza, na ataiona kazi yenyewe ilivyo: kusimama siku nzima, wagonjwa wenye hasira, ugomvi na bima. Akiona haimfai, amejua mapema bila deni. Akiona inamfaa, atasoma akijua anachokitafuta.

ALIYEKWISHA KUWA MFAMASIA HAPA

Wako waliohama wakiwa na shahada zao za famasia. Hao hupitia uhakiki uitwao FPGEC, wenye ukaguzi wa vyeti, mtihani wa famasia na mtihani wa Kiingereza, kisha mazoezi na mitihani ya leseni. Tatizo ni kwamba aliyehitimu tangu 1 Januari 2003 ametakiwa awe amesoma mtaala usiopungua miaka mitano. Nairobi shahada hiyo ni ya miaka mitano, Muhimbili ni minne. Aliyesoma Muhimbili asilipe ada ya maombi kabla ya kuuliza. Baadhi yao wameona njia nyepesi ni kuingia upya chuo cha famasia, wakimalizia masomo machache yanayopungua katika chuo cha jamii.

KWA NINI TUNAWAHITAJI

Mtu atasema wafamasia wa Kimarekani wapo wa kutosha. Labda. Lakini fikiria bibi aliyetoka Kigoma, mwenye kisukari, anayeishi na wajukuu katika mji wa ugenini. Kwenye chupa pameandikwa ameze kidonge saa 8 asubuhi kwa hesabu yao, pamoja na chakula. Mjukuu wa miaka kumi anamfasiria kwa haraka: "Bibi, saa nane." Bibi anajua saa nane ni ya mchana. Asubuhi anakunywa chai bila dawa. Saa nane mchana anameza kidonge tumbo likiwa tupu, sukari inashuka, anatetemeka na kutoka jasho, na asipopewa kitu kitamu haraka anaweza kuzimia. Hakuna aliyekosea Kiingereza. Saa zetu ndizo zimepishana na zao kwa saa sita.

Mfamasia anayejua Kiswahili ataliona kosa hilo kabla halijatokea. Atasema "saa mbili asubuhi, wakati wa chai". Atajua kwamba neno letu "dawa" hubeba vidonge, mizizi, dawa ya meno na dawa ya mende, kwa hiyo hatauliza tu "Unatumia dawa nyingine?" Atauliza kama kuna majani anayochemsha na kama kuna vidonge alivyotumiwa na ndugu. Atajua pia kwamba mgonjwa aliyezoea bahasha yenye maandishi "1 x 3" huenda haelewi sentensi ndefu iliyobandikwa kwenye chupa.

Hadi wapatikane wa kutosha, wagonjwa wetu wa huko waombe mkalimani bila woga. Hospitali na famasi nyingi hupata mkalimani wa Kiswahili kwa simu, bila mgonjwa kulipa. Mtoto mdogo asifanywe mkalimani wa dawa.

WAZAZI WAFANYE NINI

Mkipiga simu juma hili, muulizeni kijana mambo haya, kwa upole:

- Je, umekaa na mshauri wa masomo na kuandika mpango wa kila muhula?
- Je, umepata orodha ya masomo yanayotakiwa na vyuo viwili au vitatu vya famasia unavyovitaka, na kuhakikisha krediti zako zitapokelewa huko?
- Je, vyuo hivyo vina ithibati, na wahitimu wao hufaulu NAPLEX kwa kiasi gani? Matokeo hayo hutangazwa kwa kila chuo.
- Je, umejaza FAFSA mapema, kama hati yako inakuruhusu?
- Je, unafanya kazi saa ngapi, na unalala saa ngapi?

Swali la mwisho ndilo la kwanza kwa uzito. Akijibu kwamba analala saa nne, msimwongezee ombi lingine. Mwambieni kuwa chuo anachosoma mnakijua, kwamba si kidogo, na kwamba miaka saba si mingi kwa mtu atakayeshika dawa za watu. Kisha mwacheni akalale.